Haki ya Kuujua Msiba

Viti vya chekechea havikutengenezwa kwa ajili ya watu wazima. Lakini kila Jumamosi jioni, katika darasa moja la shule ya awali kule Mbagala, watu wazima wapatao ishirini walivikalia, magoti yakikaribia videvu, wakibishana juu ya mema na mabaya. Aliyewakusanya alikuwa Dokta Gozbert Kamugisha, mhadhiri wa falsafa, aliyeona kwamba elimu ya maadili imefungiwa chuoni vya kutosha na kwamba watu wa Mbagala wana haki nayo kama mtu mwingine yeyote. Hakuna aliyemlipa. Wenzake chuoni walimcheka kidogo, kisha wakamzoea.

Waliokuja walikuwa mama ntilie, fundi cherehani, vijana wasio na kazi, na imamu msaidizi wa msikiti wa jirani ambaye alikuja mara ya kwanza kuchunguza kama kuna kufuru, akaikosa, akaendelea kuja. Nusaiba Marijani alikuwa mwalimu wa darasa lile asubuhi, na ufunguo ulikuwa wake. Mwanzoni alibaki ili afunge mlango watu wakiondoka. Baadaye alikuwa akibaki kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo mtu alimuuliza anafikiri nini.

Jumamosi ile mada ilikuwa uongo.

"Tuchukue jambo tunalolifanya sote," alisema Dokta Gozbert, amesimama mbele ya ukuta uliochorwa tembo na herufi. "Mtu amefariki. Ndugu yake yuko mbali. Tunapiga simu. Tunamwambiaje?"

"Tunamwambia mgonjwa kazidiwa, aje," walijibu karibu wote kwa pamoja.

"Kwa nini?"

"Asije akaanguka njiani," alisema mama ntilie.

"Na akifika akakuta turubai?"

"Si atakuwa keshafika, Dokta. Watu wapo wa kumshika."

Dokta alitikisa kichwa. Hakuwa mtu wa kudharau jibu la mtu, ila siku ile jambo lenyewe lilikuwa lake, na mtu akizungumza la kwake masikio hupungua. Akawasimulia. Baba yake alipofariki Bukoba, yeye alikuwa mwanafunzi hapa Dar es Salaam. Akaambiwa mzee anaumwa. Akanunua dawa za presha, akanunua na machungwa kwa kuwa mzee aliyapenda, akasafiri siku mbili. Usiku wa Mwanza aliyapakata machungwa yasibonyee. Alipofika akaona turubai, na watoto wa jirani wakimwangalia yeye na mfuko wake.

"Wote walikuwa wanaujua msiba wangu isipokuwa mimi," alisema. "Hata watoto. Nawauliza, mtu mzima hana haki ya kuujua msiba wake?"

Imamu msaidizi alikohoa, akasema hilo ni la kufikiriwa. Maneno yale yalimwingia Nusaiba, akatoka nayo.

Nje, mdogo wake Suhaib alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake akimsubiri. Kila Jumamosi alimfuata, na kila Jumamosi alilalamika.

"Leo mmeamua nini? Kuiba ruhusa?"

Nusaiba alimweleza habari ya machungwa. Suhaib alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Masikini Dokta," alisema. "Ila mie mama akinipigia akasema njoo, nakuja. Sababu ataniambia nikifika. Panda bwana, nina abiria."

*

Alhamisi iliyofuata, alfajiri, lori la mchanga lilimgonga Suhaib karibu na Rangi Tatu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alifia palepale, kabla hata waliomkimbilia hawajamvua kofia ngumu.

Mama yao, Mwanakombo, hakuwepo. Alikuwa Lindi kwenye harusi ya binti wa shoga yake, na asubuhi hiyohiyo alikuwa ameshapanda basi la kurudi. Baba yao Marijani alikwisha kufa zamani, hivyo mambo yote yaliangukia mikononi mwa kaka yake, mzee Badru, ambaye watoto walimwita ba'mkubwa. Mzee Badru alikwenda polisi, akaenda hospitali, akasaini, akabishana na mtu wa mochwari, akamtoa mtoto. Kufikia saa tatu ua ulikuwa umejaa wanawake na vijana walikuwa wanafunga turubai.

"Mazishi alasiri," alisema. "Mama yake anaingia saa nane. Atamuona, tutamsalia, tutakwenda. Mtu asimwambie kitu. Yuko njiani tayari, hana haja ya kuharakishwa."

Lilikuwa jambo rahisi, na lingekwenda vile kama si desturi ya nyumba ile. Kila Mwanakombo aliposafiri, Suhaib ndiye aliyemfuata stendi. Safari hii alikuwa na kapu la nazi na ndoo ya asali, na basi lilipokaribia Somanga alianza kumpigia mwanawe kumkumbusha. Simu haikupatikana. Akapiga tena. Kisha akampigia Nusaiba.

"Huyu ndugu yako simu kazima? Mwambie nina mzigo, asije na abiria. Halafu avae koti, huku mvua inanyesha, isije ikawa na huko."

Nusaiba alikuwa amesimama kwenye korido. Chumbani walikuwa wanamwosha Suhaib, na maji yalisikika yakimwagika kwenye beseni. Mzee Badru alikuwa mlangoni, akaelewa ni nani anayepiga. Akaziba kinywa cha simu kwa kiganja chake.

"Mwambie anaumwa kidogo, kapelekwa hospitali," alinong'ona.

"Ba'mkubwa, anataka Suhaib aje kumchukua."

"Ndo nakwambia. Anaumwa. Sema hivyo."

Akaondoa kiganja. Nusaiba aliisikia sauti ya mama yake ikisema halo, halo, netiweki ya huku mbovu. Katika kichwa chake aliona machungwa. Aliona mama yake akishuka stendi na kapu lake, akiangaza huku na huku kutafuta pikipiki, na watu wa pale wote, madereva wa bodaboda waliomfahamu Suhaib, wakimtazama na kuinamisha nyuso. Hakutaka mama yake awe mtu wa mwisho kujua. Ilikuwa ni mapenzi, na wala si ukaidi kama ilivyokuja kusemwa baadaye.

"Mama," alisema, "Suhaib amefariki. Amegongwa na gari. Tunazika leo."

Simu haikukatika. Ilibaki wazi, na ndani yake kulikuwa na muungurumo wa basi na muziki wa taarabu.

*

Kwenye kiti cha pembeni ya Mwanakombo alikaa mwanamume asiyemfahamu, anamenya yai la kuchemsha. Alimuuliza kama yuko sawa. Mwanakombo alimtazama yule mtu, akalitazama lile yai, akasimama.

"Nishusheni," alisema.

Basi lilikuwa linaingia Somanga, mahali ambapo magari husimama watu wale samaki. Alishuka na abiria wengine. Hakulia. Aliwapita wauza samaki, akapita nyuma ya mabanda, akaendelea na njia ya mchanga mpaka sauti za barabarani zikapungua. Hakuwa na mpango wowote. Miguu tu ilikataa kwenda upande wa Dar es Salaam. Basi lilipiga honi, kondakta akaita, akahesabu vichwa akakosea, likaondoka na kapu lake, ndoo yake, na simu aliyoiacha kitini.

Waliomkuta ni wanawake wa samaki, jua limeshapita katikati. Amekaa chini, kanga imeloa mvua, anaongea peke yake habari za koti. Wakampa maji. Wakamuuliza namba za watu wake, naye hakuwa na namba hata moja kichwani, maana zote zilikuwa kwenye simu. Jina la mtaa alilitaja, lakini Mbagala ni kubwa. Mmoja wao akamchukua kwake, akamvalisha nguo kavu, akasema asubuhi atampandisha gari yeye mwenyewe.

*

Basi liliingia saa nane na nusu. Vijana waliotumwa stendi walirudi na kapu na ndoo.

Nyumbani pakaanza ubishi. Simu ya Mwanakombo ilipokelewa na kondakta, akasema mama alishuka, yeye hakujua kushuka kwa vipi. Mzee Badru aliwapigia watu wa Lindi, akawapigia watu wa Kilwa. Hakuna aliyemwona. Alasiri ikapita. Imamu msaidizi, yuleyule wa Jumamosi, alisimama pembeni akiangalia saa, wala hakutazamana na Nusaiba.

"Tumngoje mpaka kesho," Nusaiba alisema. "Ba'mkubwa, nakuomba."

"Tumngoje aliye wapi?"

Nusaiba alilitazama kapu la nazi lililorudi peke yake.

"Aliye wapi, Nusaiba? Ungemwambia mwanawe mgonjwa, sasa hivi angekuwa hapa. Amekaa hapo." Mzee Badru alionyesha mkeka. Hakupaza sauti. "Mtoto kaumia mwili, si wa kukaa mpaka kesho. Na mama yake hatujui kama mzima au naye tunamtafutia sanda."

Wanawake walifunuliwa uso wa Suhaib kwa mara ya mwisho. Kisha wanaume wakalinyanyua jeneza, na jua lilikuwa linakwenda kuzama waliporudi kutoka makaburini, viatu vikiwa na udongo mwekundu. Mzee Badru aliingia bafuni kunawa, akakaa humo muda mrefu, na waliokuwa karibu walimsikia akilia kama mtoto. Alipotoka aliuliza kama watu wamekula.

*

Mwanakombo aliletwa asubuhi na mwanamke wa Somanga, amevaa dera lisilo lake. Wanawake waliinuka kumpokea kwa vilio, naye aliwapita, akaenda kukaa kwenye kitanda cha Suhaib, akanusa foronya.

"Mmemzika," alisema.

"Tulikungoja, shemeji," alisema mzee Badru. "Wallahi tulikungoja."

"Uso ulikuwaje?"

Akageuka kumtazama Nusaiba.

"Mzima, mama," alisema Nusaiba. "Kichwani hakuumia. Uso ulikuwa mzima kabisa."

"Kumbe ningemuona."

"Ndiyo, mama."

Mwanakombo alikunja foronya mara mbili, akaiweka mapajani. Nusaiba alisogea, akanyoosha mkono kumshika bega. Mama yake hakumsukuma wala hakumkaripia. Alisogea tu kidogo upande wa pili, kiasi cha mkono kukosa pa kutua.

"Nilikuwa peke yangu mle," alisema baadaye, bila kumtazama mtu. "Pembeni yangu mtu anakula yai."

Habari hazikai kwenye nyumba yenye msiba. Kufikia mchana mtaa mzima ulijua kwamba mtoto wa Marijani ndiye aliyemtupa mama yake porini kwa simu. Jikoni, Nusaiba alipochukua mwiko ili akoroge wali, shangazi mmoja aliuchukua mkononi mwake kwa upole, akasema wewe mwalimu pumzika, usije ukauambia wali ukweli ukaungua. Wanawake wakacheka kwa kuficha midomo. Nusaiba akaenda nyuma ya nyumba kuosha masufuria, akabaki huko siku mbili. Huko alilia vizuri, maana hakuna aliyemsikia, na hata alipokuwa anamlilia ndugu yake alijiona kama mwizi, kana kwamba yeye hakuwa na haki ya machozi yale.

*

Dokta Gozbert alikuja siku ya tatu, baada ya khitma. Alivua viatu mbali kuliko ilivyohitajika, akapita akiwapa watu mkono, akakaa kwenye mkeka wa wanaume. Mama ntilie wa darasani ndiye aliyekuwa amempigia kumweleza yote.

"Wewe ndo mwalimu wao," alisema mzee Badru.

"Ndiyo, mzee. Shikamoo. Poleni sana."

"Marahaba. Tumeshapoa." Mzee Badru alimwangalia soksi. "Nyie chuoni, mtu akifa mnaambianaje?"

"Mzee, nimekuja kusema kwamba kosa hili ni langu. Nusaiba asilaumiwe. Nilisema neno darasani, na sikulisema lote. Kuna hoja nyingine ambazo..."

"Lori uliendesha wewe?"

"Hapana."

"Basi kunywa chai."

Dokta alikuwa amejiandaa kulaumiwa, amejiandaa hata kufukuzwa, ila hakujiandaa kupewa chai. Akakishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa. Mtu aliyekuwa na maneno ya kutosha kila Jumamosi sasa hakuwa nayo, na watu waliokuwa wakimsubiri aseme jambo la msomi waliona aibu kwa niaba yake, wakaanza kuzungumzia bei ya mchanga.

Alipoaga, Mwanakombo alimwita mlangoni mwa chumba. Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, kanga begani.

"Mwalimu. Nusaiba alinisimulia habari zako, wiki ile kabla sijaondoka. Zile dawa ulizompelekea baba yako. Ulizifanya nini?"

Dokta alichuchumaa.

"Ninazo, mama. Zimekwisha muda wake. Sijaweza kuzitupa."

"Na machungwa?"

"Waliyala watu wa msibani."

Mwanakombo alitikisa kichwa polepole. "Siku mbili," alisema. "Siku mbili nzima ulikuwa na baba."

"Nilikuwa naye, mama. Ndiyo maana nilikasirika sana."

Wakabaki hivyo, hakuna aliyemshinda mwenzake. Mwanakombo akasema haya, nenda salama, watu wa darasa uwasalimie. Dokta akaenda kutafuta viatu vyake, akavaa bila kufunga kamba.

*

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuambiwa bado, mama yake Mwanakombo, kule Utete. Suhaib alikuwa mjukuu wake aliyemlea mpaka alipoanza shule. Mzee Badru alikwisha kuamua kwamba bibi ana presha, asubiri mpaka mambo yatulie, kisha atatumwa mtu kwenda kumchukua na kumwambia mjukuu kalazwa. Safari hii hakuna aliyembishia.

Jioni ileile, wageni wakiwa wamepungua, simu ya mzee Badru iliita. Alitazama jina, akaiweka chini kifudifudi. Ikaita tena.

"Ni mama?" aliuliza Mwanakombo.

"Muache, shemeji. Nitamwambia huku netiweki mbaya."

"Nipe."

"Shemeji, usifanye mambo kwa hasira. Mama mzee yule."

"Sina hasira. Nipe simu."

Nusaiba alikuwa amesimama mlangoni na sufuria alilotoka kulisugua. Wanawake waliokuwa wakikunja mikeka waliacha. Shangazi alimtupia jicho Nusaiba, jicho la kusema unaona sasa. Nusaiba aliinamisha uso. Alijua mama yake atasema Suhaib anaumwa, na alijua kwamba kila neno la uongo ule litakuwa hukumu yake, tena ya haki.

Mwanakombo aliweka simu sikioni.

"Shikamoo mama. Hatujambo. Ndiyo. Mama, umekaa au umesimama? Basi kaa kwanza." Alisubiri. "Nani yuko karibu yako hapo?"

Sufuria lilimteleza Nusaiba likagonga kizingiti. Hakuliokota. Katika korido ile, na maji yakimwagika kwenye beseni, alikuwa amefikiria haki ya mama yake, na machungwa, na aibu ya stendi. Hilo la nani yuko karibu naye hakuliuliza. Hata watoto wake wa chekechea wangeuliza.

"Mwajabu yupo? Mpe simu. Mwajabu, hujambo mwanangu. Unapika? Epua. Ndiyo, epua kabisa, uje ukae na bibi. Umekaa? Sogea, mwili wako uguse wake. Sasa mshike mkono. Usiuachie hata akikusukuma, umenisikia? Haya, weka sauti kubwa, nizungumze naye."

Mzee Badru alifumba macho. Kutoka Utete kuku walisikika.

Mdomo wa Mwanakombo ulifunguka, ukafumba. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba yeye mwenyewe hapo alipo kwenye mkeka hakuna aliyekaa karibu naye.

Nusaiba alivuka sufuria, akapita katikati ya wanawake, akaketi kando ya mama yake, mwili ukigusa mwili. Akauchukua ule mkono mwingine. Mikono yake ilikuwa na majivu na sabuni. Mama yake aliutazama mkono ule kama mtu anayejaribu kukumbuka ni wa nani, kisha vidole vyake vikafunga juu yake, vikabana mpaka vikaumiza.

"Mama," alisema Mwanakombo kwenye simu, "Suhaib hatunaye."